Sauti za Uani: Hoja ya Kipindi cha Redio Kutoka Bwejuu

Alasiri moja ya msimu wa kusi tuliketi barazani katika kijiji cha Bwejuu, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Redio ndogo iliyowekwa dirishani ilikuwa ikitoa taarabu ya kilabu kimoja cha mjini, yenye fidla nyingi, ganuni na akodiani. Uani, nyuma ya nyumba, wanawake watatu walikuwa wakipiga makumbi. Mapigo ya miti yao yalipishana kwa mpango: la kwanza zito, la pili jepesi, na la tatu likiingia katikati ya hayo mawili. Mara kwa mara mmoja wao alitupa maneno, na wenziwe wakayadaka. Mwenye nyumba alipoona kwamba tumegeuza shingo kuelekea uani, alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio, ili tusisumbuliwe na kelele.

Tulimwuliza wale wanawake wanaimba nini. Akajibu kwa upole, "Hawaimbi. Wanafanya kazi."

Insha hii imetokana na jibu hilo. Hatukusudii kumlaumu mwenyeji wetu, kwani hakulibuni yeye. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, na tangu hapo, chini ya majina mbalimbali hata kufikia Shirika la Utangazaji la Zanzibar la siku hizi, redio imekuwa mwalimu mkubwa wa masikio yetu. Imetufundisha mengi mema. Lakini pamoja na hayo imetuzoesha kuamini kwamba muziki ni kile kilichokwisha kutengenezwa studioni, na kwamba mtu mwenye habari ni yule mwenye cheo, au aliyefikwa na msiba mkubwa. Kilichobaki nje ya hayo kimekuwa kelele za uani.

Mara kwa mara hutokea vijana wenye moyo wakapeleka katika vituo vya redio pendekezo la kipindi kinachokusudia kuliziba pengo hili: kipindi cha muziki usiozoeleka na habari za watu wasio wa kawaida. Sisi tunaliunga mkono wazo hilo. Hata hivyo, tunaona kwamba halina budi kuhakikiwa kabla ya kupewa saa ya kutangazwa, kama vile tunavyohakiki tamthilia kabla ya kuipandisha jukwaani. Maana wazo jema likishikwa vibaya laweza kuwadhuru wale wale lililokusudia kuwainua.

Kasoro ya kwanza imo katika neno "ajabu". Mapendekezo mengi ya namna hii huahidi "muziki wa ajabu" na "watu wa ajabu". Tujiulize: ni ajabu kwa nani? Kupiga makumbi si ajabu kwa mtu wa Bwejuu. Ni kazi aliyozaliwa akaikuta. Makumbi hufukiwa pwani katika mashimo, yakakaa miezi kadhaa yakilowana kwa kila maji yanapojaa. Kisha hufukuliwa, hupigwa, huanikwa, na usumba wake husokotwa kuwa kamba. Kwa kamba za namna hiyo mabaharia wa zamani walishona mitepe, vyombo vilivyovuka bahari bila msumari hata mmoja. Mtangazaji akiingia uani humo na kusema, "Wasikilizaji, sikilizeni maajabu haya," atakuwa amewatenga wenyeji na redio yao wenyewe. Atakuwa amesema na mtu wa mjini juu ya mtu wa shamba, naye mtu wa shamba amekaa pale pale anasikia akisemwa.

Kosa hili si la redio peke yake. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni na Vijana mwaka 1962, alisikitika kwamba wasomi wa Tanganyika walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma kama gombesugu na lelemama. Sikitiko lile lilikuwa la haki, na kazi iliyofuata ilikuwa kubwa. Lakini baadhi yetu tuliielewa kwa namna ya haraka. Tuliiondoa ngoma katika arusi, katika mavuno na katika matanga, tukaipeleka uwanjani kuwapokea wageni kwa dakika tano. Wachezaji walivalishwa sare, jina la ngoma likatajwa, lakini majina ya wapigaji hayakutajwa. Hivyo ngoma ilipata heshima, na mwenye ngoma akasahauliwa. Kipindi cha redio kitakachoipokea ngoma bila mtu wake kitarudia kosa hilo hilo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Ili kuona jinsi muziki na habari za watu vinavyoweza kwenda pamoja, hatuhitaji kwenda mbali. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, hapa hapa Unguja, yapata mwaka 1880. Kabla ya kujulikana kwa uimbaji alitembeza vyungu mjini akiviuza. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na santuri zile zikanunuliwa katika pwani yote. Mojawapo ya nyimbo zake mashuhuri ni ule unaojulikana kwa jina la "Kijiti". Unahusu tukio la kweli: mwanamke mgeni kutoka bara alichukuliwa matembezini na mwanamume aliyeitwa Kijiti, akauawa; mwuaji akavuka bahari akatoroka, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, walipokwenda kutoa ushahidi, wakageuziwa hatia wao. Hukumu ile iliandikwa katika vitabu vya mahakama kwa lugha ambayo wengi hawakuisoma. Watu wa kawaida waliikumbuka kwa sababu Siti aliiimba.

Basi hapo tunaona kwamba kazi inayopendekezwa leo kama jambo jipya ilikwisha kufanywa na mwanamke asiyejua kusoma, kabla redio haijafika visiwani. Alichukua habari ya mnyonge, akaitia muziki unaotambuliwa na mnyonge huyo, akaipeleka kwa wasikilizaji waliomjua aliyesemwa. Hakuiita ajabu. Aliiona dhuluma akaisema.

Lakini kuna upande wa huzuni. Siti alifariki mwaka 1950, na Sauti ya Unguja ikaanza mwaka uliofuata. Sauti yake ya kuimba tunayo katika santuri, zikikwaruza kwa uzee. Habari za maisha yake tunazisoma kwa kalamu ya Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, na tunamshukuru kwa kutuandikia. Ila kalamu ni ya Shaaban Robert, na maneno amepanga yeye. Laiti redio ingaliwahi kwa miaka michache, pengine tungalimsikia Siti mwenyewe akieleza namna alivyopanga bei ya chungu, na namna alivyojua kwamba koo lake lina thamani kuliko mzigo uliokuwa kichwani. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja inatosha kumwonyesha mwanafunzi kwa nini jambo hili haliwezi kungoja.

Mtu aweza kusema kwamba siku hizi hatuna hofu hiyo, kwa kuwa vyombo vya kurekodi vimejaa kila mahali. Na tumtazame Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013. Yeye alirekodiwa, akapigwa picha, akatengenezewa filamu, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Hata hivyo, wengi waliomwandika walivutiwa mno na mambo mawili, umri wake usiojulikana na sigara yake. Bibi aliyehifadhi mafunzo ya unyago, aliyezijua ngoma zake na maana ya kila wimbo, akafanywa kioja cha bibi kizee mvuta sigara. Hakukosa wa kumsikiliza. Alikosa wengi wa kumwuliza maswali yaliyo sawa na elimu yake. Kwa hiyo kurekodi peke yake hakutoshi. Mkosi wa kutosikika waweza kufuatwa na mkosi wa kusikika vibaya.

Mfano wa Bi Kidude unatuleta kwenye mpaka ambao kipindi kama hiki ni lazima kiujue. Unyago ni chuo cha wanawake, na baadhi ya mafunzo yake hutolewa faraghani kwa wari. Bi Kidude alizipeleka baadhi ya ngoma hizo jukwaani, na wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Sisi hatudai kuuamua ugomvi huo. Tunachosema ni kwamba uamuzi wa kitu gani kitoke uani na kitu gani kibaki ni wa wenye uani, wala si wa mtangazaji. Kinasa sauti kilichofichwa katika mkoba ni wizi, hata kama mwizi huyo ana nia ya kuhifadhi utamaduni.

Sasa turudi kwenye muziki wenyewe. Taarabu ya ukumbini imepata nafasi yake redioni, na inastahili. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ni hazina za taifa. Lakini taarabu hiyo ina ndugu yake, kidumbak, ambaye hukaribishwa redioni kwa nadra. Ana ngoma mbili ndogo, fidla moja, cherewa, vijiti vya mkwasa, na sanduku la chai lililotiwa mti na uzi likatumika badala ya besi. Ukumbini hadhira hukaa vitini, akainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji. Katika kidumbak hadhira ndiyo inayoendesha muziki: wachezaji wakichangamka, mwimbaji huunganisha wimbo na wimbo bila kupumzika, akiingiza maneno yanayowahusu watu waliopo pale pale. Muziki huo haukatiki vipande vya dakika nne, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutopendwa na ratiba za redio. Je, tuukate muziki ulingane na ratiba, au tuipanue ratiba ilingane na muziki? Kipindi cha nusu saa kingeweza kuuacha ukaenda mpaka ukaonyesha tabia yake.

Suala la lugha nalo lina uzito wake. Mwaka 1928 lahaja ya mji wa Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Bwejuu iko kiasi cha kilomita 50 hivi kutoka mji huo, lakini ukisikiliza wazee wa kusini ya Unguja wakizungumza wao kwa wao, utasikia maneno na matamshi ambayo kitabu cha darasani hakiyafundishi. Mbele ya kinasa sauti mzee huyo hubadilika mara moja, akasema "Kiswahili cha redio", na nusu ya habari yake ikapotea njiani. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021), mvuvi na mchukuzi aliyekuwa mtunzi mkubwa wa mashairi, alituonyesha kwamba mtu aweza kuimiliki lugha ya taifa bila kuionea haya lahaja ya kwao. Mtangazaji wa kipindi chetu na amwache msemaji aseme anavyosema nyumbani. Palipo na neno gumu, alieleze baadaye kwa ufupi na bila kucheka.

Hata mataifa yenye redio kongwe yalichelewa kulijua jambo hili. Nchini Uingereza ilikuwa desturi ya muda mrefu kwamba maneno ya mfanyakazi huandikwa kwanza, kisha husomwa na mwigizaji mwenye sauti nzuri. Kati ya mwaka 1958 na 1964, Charles Parker, Ewan MacColl na Peggy Seeger walitengeneza vipindi vinane vya BBC vilivyoivunja desturi hiyo. Walikwenda kwa wachimba makaa, wajenzi wa barabara na wavuvi, wakatangaza sauti zao wenyewe pamoja na nyimbo. Kipindi cha wavuvi cha mwaka 1960, Singing the Fishing, kilipata tuzo ya Prix Italia. Tunaweza kujifunza kwao ujasiri wa kuiamini sauti ya mfanyakazi. Lakini tusiwaige kwa kila jambo. Nyimbo nyingi za vipindi vile zilitungwa na wasanii wa studio kutokana na maneno ya wafanyakazi. Sisi tuna bahati kubwa zaidi, kwani uani Bwejuu kazi na wimbo bado havijaachana.

Pendekezo letu, basi, ni hili. Kipindi kiwe cha nusu saa, mara moja kwa wiki, na kila kipindi kikae mahali pamoja na watu wasiozidi watatu. Cha kwanza kianzie Bwejuu. Kifunguliwe kwa mapigo ya makumbi, dakika nzima bila maneno ya mtangazaji. Kisha mwanamke anayeongoza mapigo ajitaje jina, ikiwa ameridhia, na amtaje aliyemfundisha. Aeleze kwa nini pigo la tatu huingia pale linapoingia, na nini hutokea likichelewa. Kutoka hapo kipindi kiwafuate wanawake hao hao baharini. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara katika pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, kikampa mwanamke fedha za mkononi mwake mwenyewe. Sasa maji ya bahari yanazidi joto, na mwani wenye bei nzuri hufa kabla ya kuvunwa. Msikilizaji aliyekwisha kuisikia mikono yao ikipiga makumbi atasikiliza kwa namna nyingine watakapoeleza habari za mwani uliokufa. Hiyo ndiyo faida ya kuuweka muziki na habari mahali pamoja: tumekwisha kumjua mtu kabla hatujaambiwa shida yake. Nacho kimalizikie arusini, kwa kidumbak, wale wale wakicheza.

Kazi hii ina masharti yake. Wanawake hushuka kwenye mwani wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, na bamvu huandama mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtangazaji anayekuja siku ya maji mafu kwa sababu gari la ofisi limepatikana siku hiyo, atakuta watu wamekaa, naye atawaomba waigize kazi. Maigizo hayo msikilizaji wa pwani atayatambua mara moja. Upepo wa kusi nao huvuma moja kwa moja katika kinasa sauti, kwa hiyo mazungumzo yafanyike nyuma ya ukuta wa makuti, asubuhi. Na baada ya kipindi kuunganishwa, kirudishwe Bwejuu kwanza, kipigwe barazani na uani, na wenyewe wapewe haki ya kusema, "Hapo patoe." Kipindi kisichoweza kusikilizwa na waliomo ndani yake bila kuona haya hakifai kutangazwa kwa taifa.

Wakuu wa vituo watatujibu kwamba kipindi kama hicho hakitapata wasikilizaji, na kisicho na wasikilizaji hakipati matangazo ya biashara. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana umeme na mishahara hulipwa kwa fedha. Lakini Siti alisikilizwa na maelfu kwa sababu alisema habari ambazo watu walijiona ndani yake. Mtu wa Makunduchi, wa Nungwi, wa Wete au wa Kilwa akisikia makumbi yakipigwa, hatasema "ajabu", atasema, "Sisi huku twapiga hivi." Na siku atakapoandika barua au kupiga simu kusema hivyo, kipindi cha pili kitakuwa kimekwisha kupatikana.

Waalimu na wanafunzi wa sekondari hawana haja ya kungoja jibu la wakuu hao. Simu iliyomo mfukoni mwa mwalimu yaweza kunasa sauti vizuri. Darasa moja lichague kazi moja ya kijijini kwao, limwombe ruhusa mwenye kazi, limsikilize kwanza bila kunasa, kisha linase dakika kumi. Wanafunzi waandike jina la msemaji, mahali, tarehe, na maneno magumu pamoja na maana zake. Halafu wahakiki walichokinasa kwa maswali matatu: Je, muziki umesikika pamoja na mtu wake? Je, mtu huyo amesema kwa lugha yake? Je, akisikilizishwa, ataridhika? Darasa litakalojibu "ndiyo" kwa yote matatu litakuwa limefanya uhakiki wa sanaa, na limetengeneza kipindi.

Tulipoaga Bwejuu jioni ile, redio ilikuwa imefika kwenye taarifa ya habari, na wale wanawake walikuwa wanakusanya usumba kabla ya jua kuchwa. Tulipita uani kuwaaga. Mkubwa wao alituuliza tulikuwa tukizungumza nini kutwa nzima. Tulimwambia, muziki. Akacheka, akasema, "Mbona hamkuja huku?"